Mpagazi wa Spika wa Ipole

Huenda wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wakauliza: Ipole ni wapi, nayo yatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Swali ni la haki. Ipole imo katika Wilaya ya Sikonge, kusini ya mji wa Tabora, hapo ambapo barabara itokayo Tabora na Sikonge hugawanyika. Tawi moja hushika magharibi kupitia Koga hadi Mpanda, na jingine hushuka kusini kuelekea Rungwa na, kwa aliye na subira, hadi Mbeya. Ni nchi ya miombo, ya asali na ya tumbaku. Tumeichagua leo kwa sababu ya kazi moja ndogo ambayo kule, kama huku kwetu, vijana wanaikimbilia, na ambayo wakubwa wengi huihesabu kuwa ni kelele tu. Kazi yenyewe ni ya dijei wa kuhamahama, yaani yule mwenye spika zake, amplifaya yake na kompyuta yake, anayeitwa leo kwenye harusi ya kijiji hiki na kesho kwenye mahafali ya shule ya kijiji kile.

Sisi tunasema kwamba mtu huyo ni mchukuzi wa mizigo kwanza, na mpiga muziki baadaye. Asiyelielewa hilo, awe ni kijana mwenyewe au ofisa anayempa leseni, ataiharibu kazi.

Tabora na Unguja zilijuana kabla ya reli na kabla ya simu. Katika karne ya 19 bidhaa zilizoshushwa katika bandari ya Unguja zilivushwa hadi Bagamoyo, zikachukuliwa mabegani hadi Unyanyembe, na kutoka huko zikaendelea Ujiji na kwingineko. Mwaka 1871, Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya moja kwa moja ya Ujiji, msafara wa Stanley ulilazimika kuzungukia pande za kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo. Wapagazi wa njia hiyo aghalabu walikuwa Wanyamwezi wenyewe, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Basi na ipimwe leo spika moja ya inchi 15 iliyo ndani ya kasha la mbao. Uzito wake hauko mbali na hapo. Wala muziki wa safarini si jambo geni katika njia hiyo. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, ngoma ikilia karibu naye, na walipokaribia kijiji baragumu lilipulizwa na bunduki zikapigwa hewani ili wenyeji wajue kwamba wageni wamefika.

Lakini tunalotaka likumbukwe zaidi ni la ujira. Mpagazi hakuinua mzigo bure. Alipewa sehemu ya malipo yake kwa nguo, merikani au kaniki, kabla ya safari kuanza, na njiani alikuwa na haki ya posho. Aliyetaka kumchukua bila ya kumpa chochote hakupata mtu. Leo, zaidi ya miaka 150 baadaye, kijana wa njia hiyo hiyo hupakia mali ya mamilioni ya shilingi juu ya guta, akaenda mwendo wa saa mbili katika vumbi, akapiga muziki hadi alfajiri, ndipo akaanza kumtafuta baba wa bwana harusi aliyekwisha kulala. Katika jambo hili babu zake walimzidi akili.

Mji wa Tabora hauhitaji kufundishwa muziki. Ni mji wa Kiko Kids, wa Tabora Jazz na wa Nyanyembe Jazz, na hata Western Jazz iliyotamba Dar es Salaam ilijiita hivyo kwa ajili ya asili ya mwanzilishi wake, aliyetoka Nzega katika Jimbo la Magharibi. Lakini bendi ilikuwa ni watu kumi au zaidi, na vyombo vyake aghalabu vilikuwa mali ya chama au ya shirika. Nuta Jazz, iliyoundwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na yao, na Jeshi la Kujenga Taifa lao. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa; gitaa likivunjika, halikuwa shida ya mfuko wake. Dijei wa leo ndiye mwenye gitaa, ndiye mwenye gari, ndiye mhasibu na ndiye mlinzi wa usiku. Hapo ndipo lilipo badiliko kubwa, wala si katika kuacha santuri na kutumia kompyuta.

Tuitazame kazi yenyewe. Mwaka wa Ipole una nusu mbili. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inanyesha, watu wako mashambani, na njia za vijijini hazipitiki kwa chombo kilichobeba spika. Katika miezi hiyo fedha ni haba kuliko matope. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa na malipo yakaanza kutoka kupitia vyama vya msingi, mambo hugeuka: harusi hupangwa, ngoma hushindanishwa, nyumba hufunguliwa, na Septemba huja mahafali ya darasa la saba. Dijei basi ana miezi kama mitano ya kuvuna na saba ya kula alichovuna. Ndugu zetu wa Unguja wanaopiga rusha roho wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Mwezi wa Ramadhani spika zao hufunikwa shuka, na Mfungo Mosi ukiingia hawana usiku wa kupumzika.

Sasa hesabu. Hizi ni tarakimu za mfano tu, tulizozipanga wenyewe ili jambo lionekane. Tuseme kijana amenunua vyombo vyake vyote, pamoja na jenereta, kwa shilingi 3,000,000, na kwamba usiku mmoja anakodiwa kwa 200,000. Guta la kwenda na kurudi ni 40,000, petroli 35,000, wasaidizi wawili 30,000, chakula na mengineyo 10,000. Anabaki na 85,000, naye anarudi nyumbani akiimba. Lakini vyombo vile havidumu milele. Tukikadiria kwamba baada ya kazi 100 vitakuwa vimekwisha kabisa, basi kila usiku vimekula 30,000 bila ya kudai. Faida ya kweli ni 55,000. Akifanya kazi mbili kila wiki kwa wiki 22, anapata 2,420,000, ambazo zikigawanywa kwa miezi 12 hazizidi sana 200,000 kwa mwezi. Wengi hawaiweki kando ile 30,000. Wanaila, wakidhani ni faida, na siku amplifaya inapoungua ndipo wanapogundua kwamba walikuwa wakimla ng'ombe wala si maziwa.

Tazama tena hesabu hiyo kwa jicho la mtoza kodi. Kazi 44 kwa 200,000 ni mauzo ya 8,800,000 kwa mwaka. Kile kitambulisho cha mjasiriamali kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000 kiliwalenga wenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Kijana wetu amekwisha kukipita, ijapokuwa faida yake ya kweli haifiki hata milioni 2 na nusu. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya kati ya milioni 7 na milioni 11 asiyeweka kumbukumbu hutozwa 250,000. Awekaye kumbukumbu hutozwa 90,000 na asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 7, ambayo kwa mfano wetu ni 144,000. Daftari la shilingi elfu moja limemwokolea 106,000. Hatujui somo jingine la biashara linalolipa haraka namna hiyo, nasi tunashangaa kwamba halifundishwi pale pale mtu anapokata leseni.

Sehemu ya mali huharibika kwa kutojua. Kijana mwenye amplifaya ndogo na uwanja mkubwa huikaza hadi mwisho, akidhani kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuiumiza spika kubwa. Kinyume chake ndicho kilicho kweli: amplifaya iliyokazwa kupita uwezo wake hutoa sauti iliyokatwakatwa, na sauti hiyo huchoma zile spika ndogo za sauti nyembamba kabla ya kitu kingine chochote. Kadhalika waya mwembamba uliovutwa mbali hupunguza nguvu ya umeme njiani. Umeme umekwisha kufika vijiji vingi kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, lakini mwisho wa laini, saa mbili usiku, nyumba zote zikiwa zimewasha, nguvu yake hupanda na kushuka, na kompyuta ndiyo inayolipa gharama. Mwenye busara hubeba kidhibiti umeme, na jenereta huiweka mbali, upande upepo unakoelekea, ili moshi na mngurumo usiwafikie waalikwa. Lipo pia vumbi la kiangazi, ambalo huingia ndani ya mashine kama maji. Mambo haya angeyajua mwanafunzi yeyote wa ufundi umeme katika mwezi wake wa pili, na vyuo vya VETA havikosi mwalimu wa kuyaeleza. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba dijei naye anastahili kozi fupi, kama anavyostahili fundi cherehani.

Sasa tugeukie ofisi. Kijana anayetaka kuifanya kazi hii kwa halali hupewa safari ndefu. Leseni ya biashara iko halmashauri, Sikonge. Namba ya mlipa kodi iko kwa Mamlaka ya Mapato. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984, linawahesabu madijei na washereheshaji kuwa miongoni mwa wanaopaswa kusajiliwa nalo. Kwa haki za watunzi iko COSOTA, chini ya Sheria Namba 7 ya 1999. Usiku wa shughuli wenyewe kuna serikali ya kijiji, na mara nyingine polisi. Kila moja ya ofisi hizo ina sababu yake, na hatusemi kwamba hata moja ifutwe. Tunasema kwamba mtu wa Ipole akienda kuzitafuta moja moja, atakuwa ametumia nauli na siku za kazi kuliko ada zenyewe. Matokeo yake yanajulikana na kila mtu isipokuwa yanayoandikwa katika taarifa: kijana haendi kokote, anafanya kazi bila karatasi, na kila anayevaa sare au kubeba kitabu cha risiti anaweza kumsimamisha njiani.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani lipo la kuongeza. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na chombo chake, COSOZA, na kwa upande wa sanaa lipo Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni. Dijei wa Mjini Magharibi aliyealikwa kwenye harusi ya nduguye Tabora, na jamaa hao ni wengi, maana damu za njia ya zamani hazijakatika, anavuka bahari na karatasi ambazo upande wa pili hazitambuliki. Vyombo hivi viwili vingeweza kukaa meza moja na kukubaliana kibali cha mgeni cha siku chache. Hilo halihitaji Bunge wala Baraza la Wawakilishi kuvunja safu.

Na tusiwaonee wenye ofisi peke yao. Haki ya mtunzi ni haki. Nyimbo za Tabora Jazz bado zinapigwa katika harusi za Tabora, na sheria ya Bara huilinda kazi ya mtunzi katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kufa. Dijei anayelalamika kwamba baba wa bwana harusi hakumlipa, naye amepiga usiku kucha nyimbo za watu bila ya senti moja kuwafikia wao wala mayatima wao, ana deni la aina ile ile. Tofauti ni kwamba mdai wake hayuko mlangoni.

Halafu kuna neno kelele. Viongozi wetu wamekuwa na wasiwasi na muziki wa vijana tangu zamani. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa amri ya mkuu wa mkoa, na vijana wakaendelea kuupenda. Amri za namna hiyo hazina maisha marefu. Lakini mgonjwa anayetaka kulala na mtoto mwenye mtihani kesho nao ni wananchi, na sisi hatukubaliani na dijei anayedhani kwamba heshima yake hupimwa kwa umbali sauti yake inakofika. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitolewa 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zipo, na zinataja viwango. Zikifuatwa hakuna haja ya mtendaji wa kijiji kuamua kwa hasira, saa sita usiku, kung'oa nyaya. Spika zikielekezwa katikati ya uwanja badala ya kijijini, na zile za sauti nzito zikapunguzwa baada ya saa fulani iliyokubaliwa mchana, ugomvi mwingi hautazaliwa.

Jambo ambalo tungependa lisomwe kwa makini zaidi na maofisa wa halmashauri ni la mikopo. Tangu marekebisho ya 2018, sheria inazitaka halmashauri za Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu utazamwe upya, ikarejeshwa 2024. Kwa vijana hutolewa kwa vikundi. Kanuni hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili wanakikundi wadhaminiane. Lakini ilipikwa kwa kumfikiria mfuga kuku na mlima bustani. Dijei ni mtu mmoja na msaidizi wake. Anapolazimishwa kuwa kikundi, hukusanya majina ya binamu, fedha zikatoka, spika zikanunuliwa, na mwezi wa tatu binamu wanauliza fungu lao. Hapo mkopo umekufa, na halmashauri ikaandika kwamba vijana si waaminifu.

Njia ipo, wala si ya kuvunja kanuni. Harusi moja ya Ipole inataka mwenye muziki, mwenye maturubai na viti, mpiga picha, mshereheshaji, mpishi na mwenye guta. Leo kila mmoja anatafutwa peke yake, na kila mmoja anakodi guta lake. Wakiungana hawa, kila mtu akibaki na chombo chake na daftari lake, lakini wakapokea kazi kwa pamoja, wakasafirisha kwa pamoja na kudai arubuni kwa pamoja, hicho ni kikundi cha kweli ambacho hakikuundwa kwa ajili ya fomu. Katika mfano wetu nauli ya 40,000 ikigawanywa kwa watu watatu tu, dijei peke yake ameokoa zaidi ya 26,000 kila usiku, karibu nusu ya faida yake yote. Na mteja akikataa kutoa arubuni atakosa viti pia, si muziki peke yake; hapo ataitoa. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi wa Zanzibar nao tunauomba uutazame mpango kama huu kwa vijana wa Kaskazini Unguja na wa Pemba, ambako hoteli na harusi huwakodi watu wale wale.

Tumebakiza mteja mmoja, naye ni Serikali. Miezi ile saba ambapo harusi hakuna, spika ya dijei ingeweza kufanya kazi ya mchana: matangazo ya chanjo, ya mnada, ya uandikishaji, ya mkutano wa hadhara. Kazi hizo zipo na vijana huzifanya. Tatizo ni kwamba mara nyingine ofisi iliyokodi humwambia mwenye chombo asubiri fungu lifike, naye husubiri hadi msimu mwingine wa tumbaku. Petroli aliyoitumia haikusubiri. Mkurugenzi anayehimiza vijana wajiajiri na aulize mhasibu wake ni hati ngapi za malipo ya vipaza sauti zimelala mezani, na zimelala tangu lini.

Lami ya kutoka Tabora hadi Mpanda, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, imeifupisha safari ya spika kwa upande wa magharibi. Upande wa Rungwa bado unahitaji subira na turubai la kufunika. Ofisi yoyote inayotaka kumsajili dijei wa Ipole, kumkopesha au kumlipa deni lake, na imtafute kabla ya Juni. Baada ya hapo yuko njiani na mzigo wake.